Sema, Wakilisha, Hitaji: Wasichana wa Blu*3 na Kiswahili chetu

Mwaka 1958 wasichana wanne wa shule moja mjini Passaic, New Jersey, Marekani, walirekodi wimbo walioutunga wenyewe. Hao ndio The Shirelles, ambao mapema 1961 walifika kileleni mwa chati za nchi yao. Walikuwa marafiki kabla ya kuwa kundi.

Blu*3 walipatikana kwa njia nyingine. Mwaka 2004 shindano la Coca-Cola Popstars liliunda makundi matatu Afrika Mashariki. Kenya ilitoa Sema, Tanzania ikatoa Wakilisha, nasi Uganda tukatoa Blu*3: Jackie Chandiru, Lillian Mbabazi na Cindy Sanyu. Kati ya makundi hayo, letu pekee lilikuwa la wasichana watupu. Pia letu pekee halikupewa jina la Kiswahili! Sisi tunaofundisha lugha hii Tororo, ambako Malaba na Busia ni mwendo mfupi tu, hatukushangaa. Kwa miaka mingi Waganda wengi walikihesabu Kiswahili kuwa lugha ya kambini na ya vizuizi barabarani. Hata tangazo la Idi Amin la 1973, la kukifanya lugha ya taifa, halikukipendezesha.

Lakini albamu ya kwanza ya Blu*3 iliitwa Hitaji. Nadhani soko la nchi tatu ndilo lililoamua, wala si mapenzi ya lugha. Na iwe hivyo. Vijana walilitamka neno hilo bila kuamriwa na askari wala mwalimu.

Darasani maneno hayo matatu yananifaa sana. “Sema” ni kitenzi cha Kibantu. “Wakilisha” imetokana na “wakili”, nomino ya Kiarabu iliyovishwa kiambishi cha kusababisha. “Hitaji” imebaki na irabu yake ya mwisho, haikukubali -a. Ikiwa nomino, huwa tunaisikia zaidi katika wingi, “mahitaji”. Wanafunzi wa Busia huzielewa tofauti hizo upesi. Wa kutoka Kampala hukumbuka kwanza wimbo, kisha sarufi.

Katiba ilirekebishwa 2005, kundi likiwa bado changa, Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili. Mwaka 2008 Cindy aliondoka, nafasi yake ikachukuliwa na Mya Baganda. Baadaye kila mmoja alishika njia yake, na Cindy akavuma kwa “Ayokyayokya”, wimbo wa Kiganda.