Nani Alijenga Hii Shule?

Mwaka 1929 wazazi wengi wa Nyeri, Murang'a na Kiambu waliwatoa watoto wao shule. Si kwamba karo iliwashinda. Walikuwa wamekasirika. Wamisionari, wakiwemo Waskoti wa Tumutumu kule karibu na Karatina, walikuwa wamewataka waumini waahidi kuachana na tohara ya wasichana, na wengi wakaona wanalazimishwa kuchagua kati ya kanisa na nyumbani. Tohara yenyewe siitetei, na kuna wasichana waliolipia siasa hizo kwa miili yao. Hilo linahitaji insha yake. Kinachonivuta ni walichofanya wazazi baadaye. Walijenga shule zao.

Serikali haikuwatumia pesa. Mmoja alitoa kipande cha shamba, mwingine mbao, mwingine shilingi, na mwalimu akalipwa kwa michango. Kufikia 1934 walikuwa na chama cha shule huru, KISA, na wenye msimamo mkali zaidi wakawa na chao, Karing'a. Moja ya madai yao makubwa lilikuwa Kiingereza, kifundishwe mapema, maana waliona vizuri kwamba mtoto anayefundishwa Biblia na kazi za mikono pekee ataishia kuwa kibarua wa mzungu. Mwaka 1939 wakafungua Chuo cha Walimu cha Githunguri chini ya Mbiyu Koinange, aliyekuwa ametoka kusoma Marekani. Hali ya hatari ilipotangazwa 1952, serikali ya kikoloni ilizifunga shule hizo, na Githunguri, chuo kilichojengwa kwa jasho la wazazi, pakageuzwa mahali pa kunyongea watu. Baadhi ya shule zilifunguliwa tena baadaye, chini ya bodi za elimu za wilaya. Zikawa za serikali, hivyo tu.

Naikumbuka historia hii kila nikisikia mtu akisema wazazi wa mtaani hawajali elimu. Eti hawaji mikutano, eti wanangoja vya bure. Nenda Majengo au Witemere, hapo Nyeri mjini, saa kumi na mbili asubuhi, uone nani anapiga sare pasi kwa makaa kabla ya kwenda kutafuta kibarua. Witemere yenyewe kwa Kikuyu ni kama kusema "jikatie mwenyewe". Huko watu hawajazoea kungoja kukatiwa.

Bure ilikuja Januari 2003, mikononi mwa Mwai Kibaki, mtu wa Othaya hapo hapo Nyeri. Wanafunzi wa msingi nchini waliruka kutoka kama milioni 5.9 hadi milioni 7.2, na serikali ikaahidi shilingi 1,020 kwa kila mtoto kwa mwaka. Watu walishangilia, na walikuwa na haki. Lakini walimu hawakuongezeka kwa kasi hiyo, madarasa yakafurika, na mzazi aliyezoea harambee akaambiwa sasa atulie, shule ni ya serikali. Kisha pesa zikarudi kupitia mlango wa nyuma: ya mtihani, ya chakula, ya mlinzi, ya dawati. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inasema hakuna mtoto atakayekataliwa shuleni kwa kukosa malipo kama hayo, na kwamba yeyote anayeyapokea lazima atoe risiti rasmi. Ni sheria poa sana. Kwenye karatasi.

Mamangu alikuwa anauza viazi sokoni. Nikiwa darasa la sita nilirudishwa nyumbani kwa sababu ya pesa ya dawati. Akafunika gunia lake, tukarudi shuleni pamoja. Hakubishana kuhusu kiasi. Alitoa pesa, akaomba risiti. Mwalimu akacheka, si kwa ubaya, kama mtu aliyeombwa kitu kisichouzwa hapo. Jioni mama aliniambia kwamba babu yake alibeba mawe ya shule ile ile, enzi za shule huru, na hata yeye hakupewa risiti. "Lakini yeye aliona mawe yake yakiwekwa ukutani," akasema.

Muhula uliofuata alinihamisha. Akademi ya mabati, nyuma ya soko, madirisha bila vioo, karo juu kuliko mapato yake. Alilipa kidogo kidogo, kila Ijumaa, na kila Ijumaa mwenye shule alimwandikia risiti kwa mkono.