Gharama za ajira kwa waajiri wa kigeni Tanzania

Gharama za ajira kwa waajiri wa kigeni Tanzania ni jumla ya malipo ambayo kampuni, shirika au mtu kutoka nje ya nchi hulazimika kuyabeba anapoajiri wafanyakazi nchini Tanzania. Mshahara ni sehemu moja tu ya gharama hizo. Nyingine ni michango ya hifadhi ya jamii, tozo, fidia ya ajali kazini, likizo zenye malipo, malipo ya kuvunja mkataba na, kwa wafanyakazi wanaoletwa kutoka nje, ada za vibali.

Makala hii inahusu hasa Tanzania Bara, ambako ajira inaongozwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Zanzibar ina sheria yake ya ajira ya mwaka 2005 na mfuko wake wa hifadhi ya jamii (ZSSF). Kwa kawaida sheria haitofautishi mwajiri wa kigeni na mwajiri mzalendo: kampuni ya Uturuki au ya China inayoajiri Dodoma ina wajibu uleule wa kampuni ya Mtanzania.

## Historia

Katika Tanzania ya kati, kuajiriwa na kampuni za nje kulianza kwa wingi wakati wa ukoloni wa Wajerumani. Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, ilipita Dodoma na kuhitaji maelfu ya vibarua.

Mfano unaojulikana zaidi katika mkoa wa Dodoma ni mpango wa karanga wa Tanganyika, ulioanzishwa na serikali ya Uingereza huko Kongwa mwaka 1947. Mpango huo uliajiri Waafrika kwa maelfu na kuleta mafundi na mameneja kutoka Ulaya. Wageni hao hawakugharimu mishahara tu. Walihitaji nyumba, maji, hospitali na hata shule ya watoto wao katika eneo ambalo halikuwa na huduma hizo. Wafanyakazi Waafrika nao walidai malipo bora, na mgomo wa makuli wa bandari ya Dar es Salaam wa mwaka 1947 ulienea hadi Kongwa. Mpango uliachwa mwaka 1951 baada ya kutumia takriban pauni milioni 36. Sababu kubwa zilikuwa ukame, udongo mgumu na mashine zisizofaa, lakini matumizi kwa ajili ya watu yalikuwa sehemu ya mzigo huo.

Baada ya serikali kuanza kuhamia Dodoma kwa kasi mwaka 2016, kampuni za nje zilirudi kwa wingi kama makandarasi wa miundombinu. Kampuni ya Yapi Merkezi ya Uturuki, kwa mfano, ilipewa mwaka 2017 ujenzi wa reli ya kisasa (SGR) kati ya Morogoro na Makutupora, kipande kinachopita Dodoma.

## Malipo ya lazima ya kila mwezi

### Kima cha chini cha mshahara
Serikali hutangaza kima cha chini kwa kila sekta kupitia amri ya mshahara. Amri ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Januari 2023. Viwango hutofautiana: mfanyakazi wa nyumbani wa mwanadiplomasia, kwa mfano, amewekewa kiwango cha juu kuliko anayefanya kazi katika kaya ya kawaida.

### Hifadhi ya jamii
Wafanyakazi wa sekta binafsi huandikishwa katika Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF). Mchango ni asilimia 20 ya mshahara, na kwa kawaida mwajiri hulipa asilimia 10 huku asilimia 10 nyingine ikikatwa kwa mfanyakazi.

### Tozo ya kuendeleza ujuzi
Tozo hii, inayojulikana kama SDL, hulipwa na mwajiri mwenye wafanyakazi 10 au zaidi. Haikatwi kwenye mshahara wa mfanyakazi. Iliwahi kufikia asilimia 6 ya malipo yote ya wafanyakazi, ikapunguzwa kwa awamu hadi asilimia 3.5 mwaka 2023.

### Fidia ya ajali na magonjwa ya kazini
Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF) ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 2008. Mwanzoni waajiri binafsi walitozwa asilimia 1. Baadaye kiwango kilishushwa hadi asilimia 0.5, sawa na sekta ya umma. Mchango wote ni wa mwajiri.

### Kodi ya mapato
Kodi ya mapato ya ajira (PAYE) inatoka kwa mfanyakazi, lakini mwajiri ndiye anayeikata na kuiwasilisha Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) kufikia tarehe 7 ya mwezi unaofuata. Kwa mkazi, mapato yasiyozidi shilingi 270,000 kwa mwezi hayatozwi; yanayozidi hapo hutozwa kwa ngazi za asilimia 8, 20, 25 na 30. Mfanyakazi asiye mkazi kwa maana ya sheria ya kodi hutozwa asilimia 15.

## Mfano wa hesabu

Kampuni ya nje yenye wafanyakazi 12 imefungua ofisi katika kata ya Chang'ombe, jijini Dodoma, na kumwajiri mhasibu Mtanzania kwa mshahara wa shilingi 1,000,000 kwa mwezi. Hesabu yake ni kama ifuatavyo:

| Kipengele | Shilingi |
|---|---|
| Mshahara kabla ya makato | 1,000,000 |
| NSSF, sehemu ya mwajiri (10%) | 100,000 |
| SDL (3.5%) | 35,000 |
| WCF (0.5%) | 5,000 |
| Jumla anayotoa mwajiri | 1,140,000 |
| NSSF, sehemu ya mfanyakazi (10%) | 100,000 |
| PAYE (juu ya 900,000 zinazobaki) | 103,000 |
| Anachopokea mfanyakazi | 797,000 |

Tofauti kati ya anachotoa mwajiri na anachopokea mhasibu ni shilingi 343,000. Kati ya hizo, 200,000 ni akiba ya mfanyakazi mwenyewe katika NSSF.

## Likizo na saa za kazi

Mfanyakazi ana haki ya likizo ya mwaka ya siku 28 yenye malipo, hivyo mwajiri hulipa miezi 12 kwa kazi ya takriban miezi 11. Likizo ya ugonjwa ni siku 126 katika kipindi cha miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Likizo ya uzazi ni siku 84, au siku 100 mama akijifungua watoto zaidi ya mmoja kwa wakati mmoja.

Saa za kawaida hazizidi 45 kwa wiki. Saa za ziada hulipwa mara moja na nusu ya kiwango cha kawaida, na kazi ya siku ya mapumziko au ya sikukuu hulipwa mara mbili.

## Kumaliza ajira

Waajiri wengi wageni hupanga bajeti ya kuajiri na kusahau ya kuachana na mfanyakazi. Anayelipwa kwa mwezi hustahili notisi isiyopungua siku 28. Aliyefanya kazi mfululizo kwa miezi 12 au zaidi akiachishwa na mwajiri, kwa sababu isiyo ya utovu wa nidhamu, hulipwa kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka 10.

Aliyeajiriwa mahali pengine na kuletwa kituo cha kazi ana haki ya kusafirishwa, yeye na mizigo yake, hadi alikoajiriwa, na kulipwa posho ya kujikimu akisubiri usafiri. Wajibu huu huwagusa sana makandarasi wanaochukua mafundi Mwanza au Mbeya na kuwaleta Dodoma. Migogoro hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA).

## Kuleta wafanyakazi kutoka nje

Sheria ya kuratibu ajira za wageni ya mwaka 2015 inamtaka mgeni kuwa na kibali cha kazi kutoka kwa Kamishna wa Kazi, pamoja na kibali cha ukaazi kutoka Idara ya Uhamiaji. Ada za vibali hivyo hutozwa kwa dola za Marekani. Kibali cha kazi hudumu miezi 24 na kinaweza kuhuishwa, lakini kwa wasio wawekezaji kuna ukomo wa jumla ya muda huo. Mwajiri huonyesha kwamba ujuzi anaoutafuta haupatikani nchini, na huandaa mpango wa kumrithisha Mtanzania kazi hiyo. Ukijumlisha nauli na nyumba, mtaalamu wa kigeni hugharimu zaidi ya Mtanzania mwenye mshahara uleule.

## Kukwepa gharama

Njia za kupunguza gharama hizi ni pamoja na kumwita mfanyakazi wa kudumu "kibarua" kwa miaka, kumpa mkataba wa mtoa huduma badala ya ajira, au kumwajiri kupitia wakala. Kanuni za mwaka 2014 zilizuia mawakala wa ajira kuwa waajiri wa watu wanaowatafutia kazi.

Mzigo uliokwepwa humwangukia mfanyakazi. Pensheni ya uzeeni ya NSSF huhitaji michango ya miezi isiyopungua 180, yaani miaka 15. Fundi aliyehama mradi hadi mradi bila kuandikishwa anaweza kufikia umri wa kustaafu akiwa amefanya kazi maisha yake yote lakini hana miezi ya kutosha. Njia rahisi ya kujilinda ni kuomba taarifa ya michango NSSF wakati mradi ungali unaendelea, kwa sababu mwajiri wa kigeni akishaondoka nchini ni vigumu kumdai.

## Nchi jirani

Nchini Uganda mwajiri huchangia NSSF asilimia 10 na mfanyakazi asilimia 5. Nchini Kenya mwajiri na mfanyakazi hulipa pia tozo ya nyumba, kila mmoja asilimia 1.5 ya mshahara. Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, inaruhusu wafanyakazi kuvuka mipaka kwa masharti, lakini kila nchi imebaki na michango na kodi zake.

## Tazama pia
- Dodoma (mji)
- Kongwa
- Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii
- Reli ya Kati (Tanzania)
- Jumuiya ya Afrika Mashariki