Ukilia, Unapewa Ndizi

Wengi mnajua niliacha chuo mwaka wa pili. Niliwaambia ni karo. Karo ilikuwa shida kweli, lakini kulikuwa na hili pia: usiku nilikuwa nakula hosteli mpaka naumwa, kisha nashinda siku mbili bila kitu. Ukimwambia mtu, ati "unachezea chakula na watu wanalala njaa?" Basi nikanyamaza, nikaanza kusoma.

Zamani wataalamu, Freud akiwemo, waliamini mtoto anampenda mama kwa sababu ya maziwa. Mwaka wa 1958 Harry Harlow wa Marekani akachapisha majaribio yake. Watoto wa tumbili walitenganishwa na mama zao wakapewa mama bandia wawili: wa waya mwenye chupa ya maziwa, na wa kitambaa laini asiye na kitu. Walinyonya kwa waya, wakarudi mbio kukumbatia kitambaa. Ukatili, sikatai.

Lakini hii hadithi ilipita hapa kwetu kwanza. Mary Ainsworth alifika Kampala 1954. Alitaka kuchunguza desturi ya Waganda ya kumpeleka mtoto kwa jamaa "akasahau titi" akiachishwa kunyonya. Akakuta desturi imefifia. Akaamua kutembelea familia 26 za vijiji vya karibu, kila baada ya wiki mbili, anakaa sebuleni masaa mawili anatazama. Aliona mtoto anatulia pale mama anapomsoma vizuri, anapojua hiki kilio ni cha nini. Kitabu chake kilitoka 1967. Fikiria, nadharia inayofundishwa dunia nzima ilikomaa kwenye sebule za Buganda, na mimi sikuwahi kuisikia darasani!

Halafu kuna Hilde Bruch, Myahudi wa Ujerumani aliyewakimbia Wanazi 1933, akawa daktari wa akili Marekani. Mwaka wa 1973 aliandika kuhusu wagonjwa wake, wale wa kula kupita kiasi na wale wa kujinyima. Alisema mtoto akilia kwa baridi, kwa uoga, kwa upweke, na jibu likawa chakula kila mara, anaweza kukua bila kujua njaa ni ipi na huzuni ni ipi.

Hapo nilizima simu.

Mama alienda Nairobi kutafuta kazi nikiwa na mwaka mmoja na nusu. Nikabaki na shosho. Shosho alinipenda sana, ila alikuwa na dawa moja tu. Umeanguka? Kula. Unamlilia mama? Shika ndizi.

Kinachonikera ni vile watu walichukua nadharia hizi wakazigeuza fimbo ya kuchapa akina mama. Leo tafiti za mapacha zinaonyesha damu ya ukoo pia inachangia, na wako wengi walioachwa wadogo ambao wanakula vizuri tu. Mama yangu hakwenda Nairobi kutembea. Alienda ili hiyo ndizi ipatikane.

Juzi amenipigia, kama kawaida: "Umekula?"

Nikamwambia, "Nimekula mama, lakini sina raha."

Akanyamaza kidogo. Kisha akaniuliza, "Nini mbaya?"

Tuliongea mpaka kredo yake ikaisha, nikampigia mimi.