Viwango Huria na Watumiaji Wasioona: Mgogoro wa Massachusetts, 2005–2007

Mnamo Septemba 2005, serikali ya jimbo la Massachusetts, Marekani, iliamua kwamba kuanzia Januari 2007 nyaraka zake zihifadhiwe kwa umbizo la OpenDocument. Azma yake ilikuwa kuzuia kumbukumbu za umma zisitegemee programu za kampuni moja.

Hata hivyo, watetezi wa watu wenye ulemavu walipinga. Visoma skrini kama JAWS vilikuwa vimerekebishwa kwa miaka mingi vifanye kazi na Microsoft Office, katika OpenOffice.org havikupata taarifa za kutosha. Kwa mtumishi asiyeona, faili iliyo wazi kwa wenzake ingekuwa bubu kwake, na ajira yake ingekuwa mashakani.

Upinzani huo ulizaa matunda. Desemba 2006, IBM ilitoa IAccessible2, utaratibu huria unaoiwezesha programu kukieleza kisoma skrini maandishi, majedwali na mahali alipo mtumiaji. Februari 2007, shirika la OASIS liliidhinisha OpenDocument 1.1, iliyoboresha maelezo ya maneno kwa michoro na mfuatano wa kupitia slaidi kwa kibodi. Agosti mwaka huohuo, jimbo liliruhusu pia Office Open XML ya Microsoft.

Kwa hiyo, si sahihi kuwahesabu wasioona kuwa kikwazo cha uhuria. Pingamizi lao ndilo lililodhihirisha kwamba kiwango hakiwi huria kwa kuchapishwa tu, bali kwa kusomeka na kila anayekihitaji.