Naguib el-Rihani, Mchekeshaji wa Misri
Naguib el-Rihani alizaliwa Cairo mwaka 1889, baba akiwa na asili ya Iraq na mama Mkopti. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alibuni jukwaani Kishkish Bey, mkuu wa kijiji anayeuza pamba na kuponda mali yote kwenye anasa za mjini. Mhusika huyo ndiye aliyempatia umaarufu. Akishirikiana na mwandishi Badie Khairy, aliingia pia kwenye sinema. Filamu yake Salama fi Khair ilitoka mwaka 1937. Filamu zake ni chache, ila kilele chake ni Ghazal al-Banat: mwalimu fukara, aliyempenda mwanafunzi wake, binti wa pasha, kimya, machozi yakimtoka, anamsikiliza mwimbaji Mohamed Abdel Wahab akiimba. Uso ule wa el-Rihani unatosha kumweka mbele ya wachekeshaji wote wa zama zake. Alifariki Juni 1949, filamu hiyo ikiwa bado haijaonyeshwa.