Zebaki shambani: Si mazao yote yaliyo na hatari sawa

Zebaki ni metali ya majimaji ambayo wachimbaji wadogo wa dhahabu, wakiwemo wa Migori na Kakamega, huitumia kunasa chembe za dhahabu. Inapochomwa hugeuka mvuke, na sehemu yake hutua mashambani.

Mazao hayaathiriki kwa kiwango kimoja. Mizizi huzuia sehemu kubwa ya zebaki iliyo udongoni, hivyo punje za mahindi kwa kawaida hupata kidogo. Mboga za majani, kama vile sukuma wiki, hufyonza mvuke wake kutoka hewani. Mpunga ndio wa kuhofiwa zaidi: katika majaruba yaliyofurika maji, bakteria huigeuza zebaki kuwa methilizebaki, sumu kali zaidi ambayo hujilimbikiza katika punje. Huko Wanshan, nchini Uchina, ambako zebaki ilichimbwa kwa karne kadhaa, wakazi huipata sumu hiyo hasa kupitia wali.

Kuosha mboga huondoa vumbi tu. Kupika hakuondoi sumu iliyomo ndani. Walio hatarini zaidi ni watoto wachanga na walio tumboni, kwani sumu hiyo hudhuru ubongo unaokua. Kwa hivyo, ni heri mkulima aliye jirani na machimbo apimishe udongo kabla ya kupanda, na asilime mboga karibu na mahali zebaki inapochomwa.