Swali la Fundi Simu

Fundi simu wa mtaani kwetu Vingunguti alikuwa anabandua tachi iliyopasuka aliponiuliza: "Msomi, kioo hakipitishi umeme. Sasa hiki kinajuaje kidole kimegusa wapi?" Mimi nasomea fizikia, shahada ya uzamili. Nilianza kujibu, nikajikuta namwaga Kiingereza, nikanyamaza.

Jibu lake ni historia. Mwaka 1907 Mjerumani Karl Bädeker alipasha moto utando wa kadimi hewani, akapata kitu kinachopitisha mwanga na umeme kwa pamoja. Leo kazi hiyo hufanywa zaidi na oksidi ya indi na bati, utando usioonekana unaopakwa kwenye kioo. Kidole kikigusa, chaji ya umeme hubadilika mahali pale, na simu ikajua. Tatizo ni kwamba utando huo ukikunjwa hupasuka.

Mbadala mmoja ni kaboni, ndugu wa mkaa tunaopikia. Mwaka 1952 Warusi Radushkevich na Lukyanovich walichapisha picha za mirija ya kaboni, myembamba kuliko unywele mara zaidi ya elfu moja. Waliandika kwa Kirusi, wakati wa Vita Baridi, na Magharibi ni wachache waliowasoma. Mwaka 1991 Sumio Iijima wa Japani alieleza mirija ya aina hiyo kwa Kiingereza, na dunia nzima ikasikia. Ni kweli darubini yake ilionyesha mengi zaidi, lakini lugha nayo ilikuwa na sehemu yake.

Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Florida na wenzao walieleza jinsi ya kuifanya mirija hiyo kuwa utando. Waliichanganya kwenye maji yenye kitu kama sabuni, wakayachuja kama tui. Sisi hutupa machicha. Wao walichotaka ni machicha yenyewe. Utando wa namna hiyo huvumilia kukunjwa, ingawa oksidi ya indi bado huushinda kwa kupitisha umeme.

Juzi nilirudi kwa fundi, nikaanzia kwenye tui. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Hicho cha kukunjwa kikiharibika, mimi nitakitengenezaje?"

Katika makala nilizosoma, sijaona aliyeuliza hivyo. Nimeliandika swali lake kwenye daftari langu la utafiti, kwa Kiswahili, kama alivyolisema.